Lesi ya Mguu wa Pili

Hii alinihadithia marehemu shangazi yangu, mwaka ule wa mvua nyingi, tukichambua mchele.

Bibi Shekue alikuwa akisuka lesi kwa vijiti vya uzi, juu ya mto uliochomekwa pini. Lesi ya kupambia suruali ya marinda, vazi la maarusi wa zamani. Mguu mmoja ulikuwa tayari, na arusi ya mwenye suruali ni kesho. Macho yalipomchoka alikubali shingo upande kumfunza Siwatu, mke wa mwanawe, lakini kila siku alimfumulia kazi yote.

Adhuhuri hiyo Siwatu alitoka jikoni akamkuta akiipapasa lesi kwa kidole.

“Mikono ya kutwangia hii! Umepishanisha kabla ya kusokota. Nani kakwambia lesi ni ukili wa mkeka?”

Akang'oa pini moja moja, uzi ukalegea wote.

“Mama, leo mimi sijagusa hata kijiti. Hiyo umesuka wewe asubuhi.”

“Mwongo! Ondoka mbele yangu!”

Siwatu hakuondoka. Bibi akajilaza mkekani, mto pembeni yake, pini kazibana ndani ya ngumi.

“Usiguse,” akasema.

Kisha akainyoosha ngumi upande wa Siwatu; ikafunguka kidogo kidogo, pini zikang'aa kiganjani, naye akalala usingizi.