Vidole vya Mshonaji

Msimu mzima vidole vya mshonaji vilimsaliti. Kila alipovuta upinde na kuliona duara la njano katikati ya shabaha, viliachia mshale vyenyewe, hata kabla hajalenga sawasawa.

Sasa ulibaki mshale mmoja wa fainali, na vidole vilianza kumwasha. Ugwe, ile kamba ya upinde aliyokwisha kuivuta, ulikuwa umemkandamiza mdomo na kidevu.

Akaushusha upinde bila kupiga.

"Saa inakwenda, mdogo wangu," alinong'ona dada yake, ambaye ndiye kocha wake.

"Iache iende, dada. Vidole vilitaka kunitangulia."

Akavuta upya. Njano ikatulia mbele yake. Vidole vikamwasha, akavinyima ruhusa. Akapumua taratibu, akaendelea kushikilia.

Mshale ulikuwa haujaondoka bado, lakini dada mtu alishaanza kutabasamu.