Barua ya Pongezi

Tunu, mfua mashuka wa hospitali, aliipeleka barua ya pongezi aliyopewa kazini kwenye ofisi ya ustawi wa jamii, akiamini itamsaidia kuendelea kupata ruzuku ya watoto. Ilisema ni mchapakazi, na mshahara wake umeongezwa.

Karani aliisoma mara mbili.

"Mama, kiwango cha juu cha kipato cha wanaopewa ruzuku kimeshushwa mwezi huu. Kwa nyongeza hii umekipita. Wanao hawatapata ruzuku tena."

"Nyongeza yenyewe haifiki hata nusu ya ruzuku, mwanangu."

"Naelewa, mama."

"Basi nikawaombe hospitali waiondoe nyongeza?"

"Barua imeshasomwa."

Karani akaichukua kadi ya ruzuku ya Tunu, akaikata pembe moja kwa mkasi isitumike tena, akamrudishia barua.

Nje mvua ilikuwa ikinyesha. Tunu alivua mtandio, akaifunga barua isilowe, akatoka kichwa wazi.