Godoro la Mhandisi

Siku hizi anayeidhinisha mchoro wa barabara hulala kwa sheria masika yote katika nyumba ambako maji ya barabara hiyo huishia. Ndiyo maana mhandisi Mrutu alibisha hodi kwa Bi Nakijwa, godoro begani na bangili ya serikali mkononi, ile ya kuhakikisha hatoroki.

"Karibu, mwanangu," alisema Nakijwa, ambaye jiko lake lilikuwa limefurika masika saba mfululizo. "Tandika hapo hapo jikoni."

"Mama, kwenye mchoro maji hayafiki hapa."

"Basi maji yetu hayajasoma."

Alfajiri maji yaliingia, kiatu cha mhandisi kikaelea hadi kwenye mafiga. Nakijwa alicheka mpaka akashika ukuta. Kulipokucha Mrutu alikuwa barabarani, suruali ameikunja, anachimba mtaro na vibarua. Nakijwa mwenyewe aliwaonyesha upite wapi, kisha akautia mchoro mpya kidole gumba kuuidhinisha, kwa madaha.

Mvua iliyofuata ilinyesha kutwa, na jiko likabaki kavu! Nakijwa alipiga vigelegele, akapika makande, akaita majirani.

"Hivi maji yameenda wapi?" aliuliza akipakua.

"Kwa wifi yako, kule bondeni," alisema Mrutu, akikunja godoro. "Ndiko ninakohamia."

"Msalimie sana!"

"Utamsalimia mwenyewe, mama. Si ulitia kidole?" Akatoa bangili ya pili mfukoni.

Nakijwa alilitazama jiko lake kavu, akacheka kidogo, halafu akaenda kukunja godoro lake.