Mpira Mwekundu wa Nywele

Kila Ijumaa jioni nyumba hutuondolea huzuni, kama zinavyofanya nyumba zote. Jumamosi unaamka mwepesi, na kilichokuliza hukikumbuki tena.

Redio kaseti tuliikuta darini Ijumaa moja alasiri, tukitafuta bati linalovuja, kaseti ikiwa ndani. Mume wangu, Kitwana, akaiwasha. Sauti ikatoka nzito, ikijikokota kama ya mlevi.

"Mpira unaozungusha kaseti umelegea," nikamwambia. "Lete bisibisi, usisimame tu."

Kuifungua, kumbe mtu alishaitengeneza kabla yetu. Badala ya mpira wake alikuwa ameweka mpira wa kufungia nywele za mtoto, mwekundu, uliochakaa. Droo yetu ya jikoni imejaa mipira kama hiyo. Tunafungia mifuko ya sukari. Sijawahi kujiuliza ilitoka wapi. Nikachukua mmoja, nikauvisha. Ukaenea sawasawa.

Kitwana akaiwasha tena. Sasa sauti ilikuwa safi.

"Mama, unaniumiza!"

"Tulia, Salha, nimalize kukusuka. Baba anakusubiri."

Sauti ya huyo mama ilikuwa yangu.

"Salha ni nani?" Kitwana akauliza.

"Sijui," nikasema, na machozi yalikuwa yameshafika kidevuni.

Ukutani, taa ya Ijumaa, ile inayowaka nyumba inapokaribia kutuondolea huzuni, ikaanza kumetameta.

"Irudishe darini, upesi," nikamwambia. "Ili tuikute tena."

Kitwana alipanda ngazi ya darini gizani bila kupapasa, kama mtu aliyeizoea.