Kidole cha Zawena

Siku hizi jiko halitoi mafuta wala tui mpaka lionje damu ya mlaji. Linasoma jeni zipi zimeamka na zipi zimelala, ndipo linapima. Shaali anaogopa sindano, kwa hiyo tangu waoane mkewe Zawena amekuwa akitoa kidole chake kwa chungu kizima. Jiko linadhani mwanamke huyu anaishi peke yake.

Leo lilimnyima. "Jeni zako za kusafisha mafuta kwenye damu zimelala," lilisema.

Zawena alipakua wali mkavu, kisha akaanza kufuta meza aliyokwisha kuifuta.

"Nimekukosea nini, mke wangu?" Shaali aliuliza, tonge mkononi.

Alipoelezwa alicheka, akanawa, akakunja mkono wa kanzu. "Basi leo nitakutolea mimi."

Jiko likaonja damu yake kwa mara ya kwanza. Kisha likajizima lenyewe.

"Mgeni aketi, asipande ngazi. Damu yake imejaa mafuta, moyo umeelemewa," lilisema kwa upole. "Gari la hospitali liko njiani."

Shaali aligeuka kumtafuta huyo mgeni. Zawena alikuwa ameshamvutia kiti.