Maua Aliyoyakataa Mbuzi

Binti yake Kalunguyeye alikuwa anaolewa, naye alitaka maua ya rangirangi mbele ya nyumba, mahali palipopigwa jua kutwa. Akamwomba jirani yake Mbuzi, mlafi asiye na mfano, amsaidie kuchagua.

"Panda mawaridi, ndugu yangu," Mbuzi alisema akimeza mate. "Na alizeti."

"Na vinka hizi za pinki?" Kalunguyeye aliuliza, akionyesha miche ya maua kitaluni.

Mbuzi alikunja uso. "Chungu hizo. Hazifai."

Kalunguyeye aliyaona yale mate, akanunua vinka tupu.

Harusi ilipofika, zilikuwa zimechanua pomoni, hata jani moja halijaguswa. Mbuzi aliwasikia wageni wakizisifu.

"Nani aliyekuchagulia?" akauliza kwa kinyongo.

"Wewe, jirani," Kalunguyeye alijibu, akamsogezea sinia la pilau.

Mbuzi alicheka mpaka ndevu zikatikisika.