Donge la Mjomba Kitwana

Somoe alidhani mtu huzaliwa na uchawi wake. Kumbe humezwa.

Mjomba wake Kitwana, mchawi pekee aliyebaki mjini, alikohoa kitandani mpaka macho yakamtoka, kisha akatema donge kiganjani. Lilikuwa la kijivu, limejaa nywele, na katikati limekwama jino la mtu. Lilikuwa likipumua.

"Meza, mwanangu. Mimi nilimeza la babu yako, naye alimeza la shangazi yake."

"Na hilo jino?"

"Sijui la nani. Usiulize, utatapika."

Chumba cha pili mtoto wa Somoe alikuwa akiweweseka kwa homa. Ni mchawi tu aliyeweza kuitoa homa ile, na mjomba nguvu zilikuwa zimemwisha. Somoe akalipokea donge. Liliteleza, likanuka kama kitambaa cha kidonda. Akainama haraka, akalisuuza katika bakuli la maji.

"Umeliosha?" mjomba alifoka kwa sauti iliyokatika. "Mjinga we! Uchawi ndio huo uchafu!"

Donge lilikuwa limeacha kupumua, limekuwa jiwe tupu. Maji bakulini yalitoa povu la njano, na kuku aliyeingia mlangoni alikuwa ameshachovya mdomo.

"Yanywe upesi!"

Somoe akamsukuma kuku, akapiga magoti, akabana pua. Kuku hakukimbia. Alisimama ng'ambo ya bakuli akimtazama kama mtu, na jikoni moto uliokuwa umezimika ukawaka wenyewe.